Kupaka rangi majeshi ya milimita 6: acheni kuhesabu vifungo

#1 Lambalamba (Leicester)

Wakuu, habari za jioni. Kila nikigusia hii kazi nakutana na maswali yaleyale inboksi, nimeona bora nifungue uzi wake. Ni mrefu. Wenye haraka piteni tu, hatutagombana.

Nazungumzia visanamu vya michezo ya vita ya mezani, ile ya kubuni ya karne zijazo: vifaru vinavyoelea, majitu ya chuma, askari wenye deraya. Siyo vile vya milimita 28 ambavyo wengi mmeviona YouTube. Hivi ni vya milimita 6. Chukua mtu wa mita 1.8, mgawe kwa 300, hiyo ndiyo milimita 6 yenyewe. Askari ni punje ya mchele iliyosimamishwa. Kifaru kinakaa juu ya dole gumba.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata boksi la mtumba la askari wa Epic, wale wa plastiki waliotoka na mchezo wa Space Marine wa 1989. Mimi nilitokea kwenye visanamu vikubwa, kwa hiyo nikawapaka kama vikubwa. Undakoti (ile rangi ya chini kabisa) nyeusi. Bluu iliyoiva. Kisha wiki tatu na brashi namba 000 na miwani ya kukuzia: macho mekundu ya kofia, mikanda, vifungo, nembo begani. Askari 60. Shingo ilikakamaa nikawa nageuka mwili mzima kama bundi aliyeharibika. Lakini ukimshika mmoja mkononi, unasema mashallah.

Jumamosi nikawapeleka klabu. Mzee mmoja wa pale, aliyeanza michezo hii kabla sijazaliwa, hakusifia wala kuponda. Akachukua trei yangu, akaipeleka meza ya mwisho ya ukumbi, akarudi akasimama ubavuni mwangu. Akaniuliza: "Wako ni wapi?"

Wakuu, niliona mavi ya mbuzi kwenye zulia.

Kosa langu nimekuja kulielewa kwa hesabu ya darasa la tano. Ukikaa mezani, jicho lako liko kama sentimita 60 kutoka kwa askari. Zidisha kwa 300, unapata mita 180. Yaani unamtazama mtu aliye mbali karibu urefu wa viwanja viwili vya mpira. Nani anaona vifungo vya shati hapo? Unachokiona ni rangi ya nguo kwa ujumla, mwanga mabegani, giza chini ya kwapa na miguuni, na kama amebeba kitu chekundu, basi ule wekundu. Hayo ndiyo ya kupaka. Mengine unampakia Mungu peke yake, na Yeye alishawaona.

Halafu kuna suala la hewa. Mlima ukiwa mbali unakuwa wa bluu iliyopauka hata kama msitu wake ni kijani cha kutisha. Kwa hiyo rangi "sahihi" ya kwenye picha, ukiipaka juu ya kitu cha milimita 6, inasomeka nyeusi. Lazima uiongezee mwanga kupita kiasi, mpaka mkono wako ukatae.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nabandika askari kumi kwenye kijiti cha lambalamba (jina limetoka huko) kwa tone la gundi nyeupe ya maseremala, nikiacha nafasi brashi ipite katikati yao. Undakoti nyeupe, au kijivu kilichopauka. Rangi ya kwanza iwe hatua mbili mbele ya ile ninayoitaka: jeshi likiwa la bluu ya usiku, mimi napaka bluu ya anga. Juu yake inakuja rangi ya kivuli, ile nyepesi kama chai ya rangi, inayotelemka kwenye mifereji na kuacha miinuko. Hiyo ndiyo itakayoleta usiku. Ikikauka kabisa natwaa brashi kuukuu, naichovya kwenye rangi inayokaribia nyeupe, naifuta kwenye karatasi mpaka naona haina kitu, halafu napangusa toka juu kuja chini: kofia, mabega, mtutu. Bunduki isiwe nyeusi, ipe kijivu cha kati, la sivyo inamezwa. Mwisho alama moja kali, moja tu, kwa mfano bega moja la rangi ya chungwa. Imeisha hiyo. Kijiti kizima kinanichukua kama dakika arobaini ukiacha muda wa kukauka.

Ile 000 nimeitupa. Natumia namba 1 ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche. Ncha ndiyo inayopaka, tumbo ndilo linalobeba rangi. Brashi ndogo haina tumbo, rangi inakauka njiani kabla haijamfikia askari.

Karibuni. Picha naziweka kesho, simu imegoma.

#2 Ngedere_Mstaafu

Nimekaa paleee na karanga zangu. Ila uzi bila picha mkuu...

#3 BabaWawili

Mtu mzima, kodi ya nyumba inakusubiri, unapaka rangi punje za mchele. Ulaya mnafanyishwa mambo.

#4 Ngedere_Mstaafu

BabaWawili wewe si ndiye una tangi la samaki sebuleni? Umeshakula hata mmoja?

#5 KifaruWaNgong (Nairobi)

Lambalamba, nakubaliana na wewe nusu. Hiyo nusu ingine hapana.

Mimi nacheza BattleTech. Kwa wasioijua: ilianzia Chicago 1984 ikiitwa BattleDroids, mwaka uliofuata wakabadilisha jina kwa sababu hilo neno la "droid" lina wenyewe, Lucasfilm. Kila upande mara nyingi una meki nne tu. Meki ni roboti kubwa yenye rubani ndani, kuanzia Locust ya tani 20 mpaka Atlas ya tani 100. Sasa ukiwa na nne pekee, kila mmoja ni staa. Huwezi kuniambia nipangusie brashi kavu na niende zangu. Nazipaka kila kitu: bolti, nyaya, michirizi ya kutu, vidole.

Na undakoti nyeusi sitaiacha. Pale brashi isipofika, nyeusi inakufichia aibu. Nyeupe inakuanika.

#6 Lambalamba (Leicester)

Kifaru, kuhusu nyeusi: kwenye kitu kikubwa uko sawa kabisa. Kwa punje ya mchele, sehemu ambazo brashi haifiki ndizo nyingi kuliko zile inazofika, kwa hiyo "aibu" inakula askari mzima.

Kuhusu meki, tupige hesabu tena. Meki ya mita 12 kwa kipimo cha 1/285 ni kama milimita 42. Ndiyo maana unaona una nafasi ya kupaka. Kisanamu chako ni kirefu kuliko askari wangu wa zamani wa milimita 28! Na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiipaka kwa mbinu za milimita 28, yaani mistari minene ya mwanga kwenye kila ukingo, bolti kubwa zinazong'aa, kutu yenye madoa kama ukucha, jicho linaisoma kama mtu aliyevaa deraya. Linapotea lile jambo lenyewe, kwamba ile ni ghorofa nne zinazotembea.

Fikiria tope tu. Gari likipita kwenye matope linarukia wapi? Tuseme mita mbili, na hapo dereva ni mwendawazimu. Mita mbili kwa 1/285 ni milimita 7. Yaani vumbi na tope viishie kifundoni mwa meki. Ukilipandisha tope mpaka gotini umeligeuza jitu kuwa mtoto aliyetoka kucheza dimbwini. Mchubuko wa rangi hivyohivyo: ukipaka doa la milimita 1, umeng'oa rangi kwa upana wa karibu sentimita 30. Panapasa kuwe na shimo hapo, siyo mchubuko.

#7 KifaruWaNgong (Nairobi)

Wueh. Nimetoka kuangalia Atlas yangu. Ina tope mpaka kiunoni.

Wacha nirudi kazini.

#8 Mtu_wa_Tabata (Dar)

Wakuu samahani naingilia, nina msiba. Vifaru 18, kazi ya mwezi na nusu. Jana mvua ilikatika kidogo nikakimbia uani kupuliza vanishi isiyong'aa, nikasema nimalize kabla haijarudi. Asubuhi naamka, vyote vina ukungu mweupe kama vimemwagiwa sembe. Hata rangi ya chini huioni. Nioshe kwa spiriti nianze upya? Mke wangu ananiangalia tu, hajasema neno, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

#9 Lambalamba (Leicester)

USIGUSE SPIRITI. Rangi yako ipo salama chini. Huo unyevu wa hewa umeingia kwenye vanishi wakati inakauka, uso wake ukawa na vishimo vidogo mno ambavyo vinatawanya mwanga, ndiyo unaona weupe. Chukua vanishi inayong'aa, ya brashi siyo ya kopo, pitisha koti jembamba kwenye kifaru kimoja kwanza. Ikijaza vile vishimo, rangi inarudi. Baadaye, siku kavu, unaweka isiyong'aa juu yake, kwa brashi pia.

Kwa Dar msimu wa masika, sprei iacheni kabisa. Halafu kwa wanaotaka kuagizia makopo kwa ndugu wanaorudi likizo: hayapandi ndege hayo, watanyang'anywa uwanjani. Undakoti ya brashi ipo na inafanya kazi vizuri tu, ukiichanganya na maji kidogo na kupaka mara mbili.

#10 WaAlFalaji (Nizwa)

Yakhe, hapa kwetu tatizo ni kinyumenyume. Bara ya Oman, kiangazi, hewa kavu na joto linapita 45. Nlipuliza undakoti mchana, rangi ikakaukia angani kabla haijafika. Ilivyotua ilikuwa ishakuwa vumbi. Vikosi vyangu vyote vikatoka na ngozi ya msasa, nami nliwapa jina, Jeshi la Ukurutu. Sasa napuliza alfajiri baada ya sala, nusu saa tu, basi.

Na rangi kwenye paleti inakauka nikipiga chafya. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hakosi glisirini ya kujipaka miguuni. Tone moja la hiyo kwenye kikombe cha maji ya kuchanganyia rangi linachelewesha kukauka. Likizidi, rangi haikauki wiki nzima, inanata kama halua. Nshajaribu yote mawili.

#11 Lambalamba (Leicester)

Hahaha Jeshi la Ukurutu. Sheikh, tumia na paleti yenye maji: chombo cha chakula chenye mfuniko, sponji iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa juu ya karatasi, inavuta maji kidogokidogo.

#12 Mtu_wa_Tabata (Dar)

Hiyo ya sponji nilifanya. Siku ya nne ilikuwa na harufu ya soksi za shule ya bweni. Ila wakuu, KIFARU CHA KWANZA KIMERUDI. Rangi yote imeonekana. Naendelea na vilivyobaki. Leo mke wangu amecheka.

#13 BiNukta (Dar)

Habari zenu. Mimi mchezo wenyewe siujui, nimefika hapa kwa kutafuta mambo ya rangi. Napaka kucha Sinza, na nimelelewa na baba mdogo anayechora Tingatinga pale Oysterbay. Kwa hiyo brashi nimeishika kabla ya kijiko.

Kaka Lambalamba, nimekusoma vizuri na hesabu yako ya mita 180 nimeipenda. Ila naona umekimbilia mwanga ukasahau kitu kilicho chini ya huo mwanga. Chukua mfano wa mchoro wa Tingatinga uliotundikwa ng'ambo ya barabara. Yule ndege amejaa nukta na mistari, hakuna hata nafasi ya kuweka kidole. Kwa maneno yako alitakiwa aonekane uchafu. Mbona unamsoma ukiwa ndani ya daladala inayokwenda? Kwa sababu mbili tu. Nyuma yake ni rangi moja tambarare, na ukingo wake wote umefungwa kwa giza. Baba mdogo alikuwa hanipi brashi mpaka nimeshapaka ubao mzima rangi ya nyuma, ikakauka, na nikamwambia mnyama atakayekaa hapo ni wa rangi gani. "Kwanza sebule, ndiyo mgeni."

Sasa hao askari wako umewaweka juu ya nini? Mimi ninachohisi, na unisahihishe, ni kwamba wale wa kwanza walikuwa bluu iliyoiva juu ya udongo wa kahawia ulioiva. Hata ungewapaka taa, wasingeonekana.

#14 Lambalamba (Leicester)

Dada BiNukta, umenipiga mahali nilipoficha. Walikuwa juu ya kahawia iliyokolea, ndiyo. Na nilipowabadilisha nilibadilisha vyote viwili kwa pamoja, askari na kitako (kile kibao anachosimamia), nikawapa mchanga wa jangwa uliopauka. Sifa zote nikazipeleka kwa mwanga. Kumbe sijui hata ni kipi kilichonisaidia.

Nitafanya jaribio wikiendi hii. Kijiti kimoja cha wale wa zamani, wenye vifungo vyao vyote, niwang'oe niwaweke kwenye kitako cha rangi ya mchanga mkavu bila kugusa rangi yao.

Swali dada: zile nukta mnazipakaje zikalingana?

#15 BiNukta (Dar)

Kwa kitu kisicho brashi. Baba mdogo anatumia kijiti alichokichonga na njiti za kiberiti. Mimi saluni nina vile vyuma vya kichwa cha duara vya kuchorea kucha, Kariakoo vinauzwa kwa seti, kila kimoja saizi yake. Unachovya, unagusa mara tatu: ya kwanza kubwa, ya tatu ndogo. Ukitaka zote sawa, chovya upya kila mara. Taa za hivyo vifaru vyenu na macho ya hayo maroboti, usipake, gusa.

Na msije mkatumia rangi za mafuta za baba mdogo kwenye vitu vya milimita 6 jamani. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza na rangi za baiskeli kwenye mbao za silingi, miaka ya sitini ikielekea mwisho, na zinapendeza kwa sababu zinajisambaza zenyewe zikawa laini kama kioo. Kwenye ubao huo ni uzuri. Kwenye askari wako zitajaza kila mfereji, atoke kama pipi iliyolambwa ikarudishwa kwenye karatasi.

#16 KifaruWaNgong (Nairobi)

Hii ya "sebule kwanza" imenimaliza. Natuma ripoti: nimeosha Atlas miguu, tope nimeshusha mpaka kifundoni, michubuko nimefuta yote isipokuwa mitano, midogo kama ncha ya pini. Kitako nimekipaka kijivu cha lami iliyopauka. Kioo cha rubani nikafanya giza juu, mwanga chini, na nukta moja nyeupe kwenye ile kona ya giza. Bana, imekua. Naapa imekua. Nimeiweka kando ya ile Locust ambayo sijagusa, na ile Locust inakaa toy ya kwenye boksi la nafaka.

Undakoti bado nyeusi lakini. Hapo hamnipati.

#17 Kokoto (Mwanza)

Maswali mawili kwa wakubwa.

La kwanza, vitako. Nilisoma mahali kwamba majani ya chai yaliyokaushwa yanafanana na majani yaliyodondoka msituni. Nikaweka. Baada ya wiki tatu msitu wangu umeota ukungu halisi, wenye manyoya. Nitumie nini?

La pili, mimi sinunui visanamu, nachapa mwenyewe kwa mashine ya 3D ya uzi wa plastiki, ile ya mdomo wa milimita 0.4. Nikifanya brashi kavu kama alivyosema mleta uzi, kifaru kinatoka na mistari kama kanda ya kuchonga mahindi. Nakosea wapi?

#18 Lambalamba (Leicester)

Sijui kanda ya kuchonga mahindi ni nini lakini nimeiona.

Hukosei, mashine yako inaweka matabaka na kila tabaka lina ukingo. Brashi kavu kazi yake ni kutafuta kingo. Inatafuta zote, hata zile ambazo hukuzitaka. Kwa vitu vya uzi wa plastiki, achana na brashi kavu. Piga msasa bapa zilizo wazi, weka undakoti mbili nzito kidogo, halafu mwanga uweke kwa mkono: paneli ya juu rangi angavu, ya ubavuni ya kati, ya chini giza. Tatu tu. Kifaru ni boksi, boksi lina pande chache.

Mashine ya resini, ile plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, inatoa matabaka membamba sana, milimita 0.05 kwa kawaida, hapo brashi kavu inarudi kazini. Ila resini mbichi ni sumu kwa ngozi. Glavu kila mara, dirisha wazi, na ile spiriti uliyooshea visanamu usiimwage kwenye sinki. Iache juani resini igande ichujwe kwanza.

Vitako: chochote kilichowahi kuliwa au kunywewa kitaota kitu. Mchanga ndiyo mfalme, lakini kumbukeni kipimo. Punje ya milimita 1 kwa askari wetu ni jiwe la sentimita 30. Mchanga wa kawaida wa ujenzi ni uwanja wa majabali, jeshi lote lingevunjika miguu. Chekecha mpaka ubaki ule unaopita kwenye soksi nyepesi ya nailoni. Wa pwani uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa, chumvi ikibaki itatoka juu ya rangi baadaye kama chunyu.

#19 BiNukta (Dar)

Kokoto, resini nyingi za hizo mashine zinaganda kwa mwanga wa nanomita 405, na taa nyingi za saluni za kukaushia kucha zina huo mwanga. Soma maandishi chini ya taa. Jua la Mwanza nalo linatosha, taratibu tu. Mimi mteja aliniletea kifaru akaniomba nikiweke kwenye taa katikati ya kucha zake mbili. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza hivi vitu ni nini.

#20 BabaWawili

Naomba kuuliza bila kejeli. Zile rangi za "mkono mmoja tu", unapaka mara moja inaleta kivuli na mwanga yenyewe, zinafaa? Ni kwa ajili ya mtoto.

#21 Ngedere_Mstaafu

Mtoto. Sawa.

#22 Lambalamba (Leicester)

Karibu sana baba. Zinaitwa Contrast kwa upande wa Citadel, zilitoka 2019, na kampuni nyingine zikafuata na za kwao. Kwa askari na viumbe wenye misuli au manyoya, ni zawadi: undakoti nyeupe, koti moja, umefika robo tatu ya safari. Kwa vifaru sizipendi. Bapa likiwa pana, rangi inakimbilia pembeni na kuacha dimbwi katikati, kinatoka kifaru kilichojikojolea. Mwambie "mtoto" aanze na askari wa miguu. Na angalia, aina nyingine hapo mwanzoni zilikuwa zinayeyuka tena ukipitisha rangi mbichi juu yake. Jaribu kwenye kitako kabla ya kujaribu kwenye jeshi.

Asinunue chupa thelathini. Nyeupe, nyeusi, kahawia ya kivuli, rangi moja ya jeshi, rangi moja kali ya alama, na moja ya udongo. Mimi miaka miwili ya kwanza nilinunua bluu tisa. Kwa mita 180 zote tisa ni bluu.

#23 Lambalamba (Leicester)

Jaribio tayari, picha ziko chini. Dada BiNukta, simama upokee heshima yako.

Trei A: askari wa zamani, vifungo vyao, bluu iliyoiva, kitako cha zamani cha kahawia. Trei B: wenzao wa boksi lilelile, sikuwagusa rangi hata kidogo, nimebadilisha kitako tu kikawa mchanga mkavu. Trei C: wapya, mwanga na brashi kavu, kitako cha mchanga.

Kwenye klabu nimeziweka zote meza ya mwisho. A bado ni mavi ya mbuzi. B wanaonekana, kabisa, unahesabu vikosi, unajua hawa wanaelekea wapi. Ni vivuli vya watu, hawana sura wala nguo, lakini ni watu. C wana uhai. Kwa hiyo nusu ya safari, labda zaidi, ilikuwa ni sebule. Nimefundisha watu wanne hapa mjini kuhusu mwanga na sikuwahi kuwaambia habari ya kitako. Itabidi niwapigie simu.

Yule mzee alipita, akaangalia B kwa muda. Akauliza nimetoa wapi hiyo. Nikamwambia Sinza, saluni ya kucha. Ameandika kwenye daftari.

#24 BiNukta (Dar)

Hahaha! Nitamwambia baba mdogo. Atataka asilimia.

#25 WaAlFalaji (Nizwa)

Ila B na C, mbona mabega ya C ni meupe hivyo? Kwenye picha ya karibu yanatisha, kama wamenyewa na kunguru.

#26 Lambalamba (Leicester)

Ndiyo sheikh. Kwa karibu yanatisha. Sogeza simu mbali, urefu wa mkono mzima, kisha funga jicho moja.

#27 WaAlFalaji (Nizwa)

Lo. Subhanallah. Haya.

#28 Mtu_wa_Tabata (Dar)

Mrejesho wa mwisho wakuu. Vifaru 16 kati ya 18 vimepona, viwili niligusa na spiriti kabla sijasoma jibu, hivyo nimevigeuza mabaki yaliyoungua, nimeweka masizi ya sufuria na pamba nyeusi ya moshi. Vitako nimevipaka rangi ya mchanga wa Kigamboni. Wekundu upande mmoja, wa kijani mpauko upande mwingine, na askari wao.

Leo nikafanya ile ya mzee wa klabu. Nikaweka meza mwisho wa baraza, nikamwita mama aliyekuja kututembelea kutoka Korogwe. Hajui lolote kuhusu haya mambo, na miwani yake ameisahau kwenye basi. Nikamuuliza: mama, pale unaona nini?

Akatazama kidogo. "Siafu," akasema. "Wa rangi mbili. Wale wekundu wamewazunguka wenzao kwa nyuma, mbona hao wengine hawageuki?"

Nikaangalia ubao. Ni kweli, nilikuwa sijaona. Zamu ilikuwa yangu.